Kazi ya Msindikizaji: Tuseme Pamoja na Mgonjwa, Siyo Badala Yake



Watu wengi wananiuliza kwenye bomba la maji na kwenye soko la New Congo: "Mama, ile kazi yako ya kupeleka watu Mbarara, wanakulipa ngapi?" Jibu ni fupi: mshahara hakuna. Mara nyingine napewa nauli, mara nyingine tunachanga mimi na jamaa ya mgonjwa. Wengine wanatuita watetezi wa familia, wengine wanasema wasindikizaji tu. Kazi yetu ni kutembea na familia yenye mgonjwa wa akili ama wa kifafa, tangu nyumbani mpaka mbele ya musawo, na kurudi nao.

Nimeombwa nieleze kazi hiyo kwenye gazeti letu mwezi huu. Nimekubali, lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi.

KOSA LANGU

Nilifika Nakivale mwaka 2008, wakati wa vita ya Kivu ya Kaskazini, pamoja na mama yetu na mdogo wangu wa mwisho. Njiani tulipoteza watu, na baba yetu alikuwa mmoja wao. Mdogo wangu alikuwa kijana wa kazi. Kiwanja tulichopewa alikilima yeye, mahindi na maharagwe, mpaka majirani wakawa wanamwita awasaidie.

Baada ya miaka michache akaanza kubadilika. Halali. Anakaa nyuma ya nyumba mpaka jua linatoka. Jembe ameliacha. Anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Mama akasema ni watu wa nyumbani wanamwita, tumpeleke kwenye maombi. Tulimpeleka, akakaa huko majuma matatu, na siku zingine alifungwa kamba mikononi ili asitoroke. Naandika hivi kwa aibu, kwa sababu ile kamba niliinunua mimi.

Mwishowe tulifika kituo cha afya. Musawo aliongea Kiingereza na Runyankole. Mdogo wangu anajua Kiswahili na Kihunde. Mimi nilikuwa na Kiingereza kidogo nilichojifunza hapa kambini, basi nikawa mkalimani. Musawo akauliza mgonjwa ana shida gani. Mdogo wangu akanigeukia, akasema polepole: "Yaya, umwambie naonaka baba kila usiku. Ananiita. Na mimi niko nataka nimufuate."

Nilisikia vizuri kabisa. Lakini niliogopa. Niliwaza: nikisema hivyo wataita polisi, ama watamfungia mahali, ama jina la jamaa yetu litaharibika kwa ofisi na hatutaitwa tena kwa mambo ya kwenda ngambo. Basi nikamwambia musawo kwamba mgonjwa hapati usingizi. Sikuongeza neno. Musawo akaandika, akatoa vidonge vya usingizi, tukarudi nyumbani. Yeye hakukosea. Alitibu maneno aliyopewa.

Juma la pili, usiku wa manane, wavuvi walimkuta mdogo wangu peke yake kando ya ziwa, bila viatu. Hakutaka kusema alikuwa anafanya nini pale. Walimfunika shuka, wakamleta mpaka mlangoni. Mungu awabariki popote walipo. Asubuhi aliniuliza swali moja tu: "Yaya, ulimuambiaka musawo vile nilisema?"

Nikakosa jibu.

Tulirudi kituoni siku ileile. Safari hii nilisema yote, hata kwamba mara ya kwanza nilificha. Tukapewa barua ya rufaa kwenda wodi ya akili kwenye hospitali kuu ya mkoa, pale Mbarara. Alilazwa, akapata dawa, akapata na mtu wa kumsikiliza. Leo analima tena. Hajawa yule wa zamani kabisa, kuna siku anakaa kimya tangu asubuhi. Lakini anakula, analala, na siku ya kuchukua dawa anakwenda mwenyewe na daftari lake.

Tangu siku ile nikaweka sharti moja: nisiseme badala ya mgonjwa. Niseme pamoja naye, na neno lake lifike kama alivyolitoa.

MANENO YANAYOPOTEA NJIANI

Ndugu msomaji, ugonjwa wa malaria unapimwa kwa damu. Ugonjwa wa akili unapimwa zaidi kwa maneno: maneno ya mgonjwa na maneno ya watu wanaoishi naye. Neno likiharibika njiani, na matibabu yanaharibika. Hapa kambini tuna Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine wengi, na kila watu wana namna yao ya kutaja maumivu ya ndani. Nitatoa mifano michache.

Musawo anauliza kama mgonjwa anasikia sauti. Mkalimani anatafsiri vilevile: "Anasikia sauti?" Baba wa mgonjwa anajibu kwa furaha: "Ndiyo, masikio yake ni mazima!" Kumbe swali lilikuwa lingine. Afadhali kuuliza: "Kuna watu anawasikia wakiongea, na ninyi wengine hamwasikii?"

Mama anasema: "Moyo unaniuma." Kwetu mara nyingi hiyo ni huzuni, ni msiba usioisha. Ukitafsiri neno kwa neno, atapimwa moyo wa nyama, na huzuni itarudi nyumbani bila kuguswa. Msindikizaji amuulize kwanza: "Mama, ni kifua kinachouma, ama ni majonzi?" Huenda ni vyote viwili, basi vyote viwili visemwe.

Mwingine anasema: "Niko na mawazo." Kwa Kiswahili sote tunaelewa: huyu mtu amelemewa. Lakini kwa lugha nyingine kuwa na mawazo ni jambo zuri tu, ni kuwa na akili! Lazima ueleze: anawaza jambo moja tangu jioni mpaka asubuhi, hawezi kuliacha, na chakula hakipiti.

Wanyarwanda wana neno ihahamuka, lililojulikana sana baada ya mwaka 1994, kwa mtu anayerudiwa na yale aliyoyaona kana kwamba yanatokea sasa hivi. Wasomali wana neno buufis, kwa mtu ambaye roho yake yote imekwenda ngambo mwili ukiwa bado kambini, na hali hiyo inaweza kumvunja akili. Maneno kama haya usiyageuze haraka kuwa "wazimu". Yaache yalivyo, halafu eleza yana maana gani.

WAKIMBIZI WENYEWE WALISHAFANYA

Kuna watu wanaosema kazi hii ni ya wasomi, mkimbizi ataweza wapi? Mimi nawajibu kwamba jambo hili lilishapimwa hapahapa Nakivale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Mbarara, walichukua wakimbizi wa kawaida wa kambi hii, wasiokuwa madaktari, wakawafundisha majuma 6 namna ya kusikiliza na kushauri watu walioumizwa na vita. Halafu wakimbizi hao wakawahudumia wenzao, Wanyarwanda na Wasomali. Waliofuatiliwa kwenye utafiti huo walikuwa 277.

Namna moja waliyotumia ilikuwa hivi: mgonjwa anasimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa mpaka leo, mazuri na mabaya. Mshauri anaandika. Wakikutana tena anamsomea yale aliyosema, wanasahihisha, wanaendelea. Jambo baya halifukuzwi, linapewa mahali pake: lilitokea mwaka fulani, mahali fulani, na limepita. Kundi lingine lilipata ushauri wa namna nyingine, na kundi la tatu lilifuatiliwa tu bila ushauri.

Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Baada ya miezi 9, kati ya watu 10 waliopata ushauri wa namna yoyote ile, karibu 7 hawakuwa tena na ugonjwa ule wa kurudiwa na vita. Kati ya 10 waliofuatiliwa tu, waliopona hawakufika 4. Na waliofanya kazi hiyo walikuwa majirani zetu, watu wa foleni moja na sisi.

Mimi sikufundishwa majuma 6, na mimi siyo mshauri. Najua mpaka wangu. Lakini habari hiyo inanipa nguvu kila nikiambiwa mkimbizi hawezi. Hata Kampala, kwenye hospitali ya Butabika, wagonjwa waliopata nafuu wamewahi kufundishwa kuwatembelea wenzao waliotoka hospitalini. Na tangu mwaka 1997 Waganda wana chama chao, Mental Health Uganda, cha wagonjwa wa akili wenyewe na jamaa zao. Kumbe hata wenyeji wamepita njia hii.

NJIA YA KUFUATA

Wengi wanakimbilia kuuza mbuzi ili waende moja kwa moja Kampala. Hapana. Anza karibu. Ongea na mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT. Yeye atakuelekeza kituo cha afya. Uliza siku ya kliniki ya akili, maana siyo kila siku musawo wa mambo hayo anakuwepo. Kituo kikishindwa, kinaandika barua ya rufaa kwenda Mbarara. Mbarara ikishindwa, ndipo Butabika. Bila ile barua utazunguka sana.

Kwenye hospitali na vituo vya serikali ya Uganda malipo ya mgonjwa yaliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Ni kweli, dawa inaweza kuisha na ukaambiwa ukanunue. Lakini mtu akikudai pesa ili akuandikie jina tu, uliza kwa heshima, omba risiti, halafu peleka habari kwa mkubwa wa kituo ama kwa chemani wako wa RWC.

Nchi hii ina sheria ya afya ya akili ya mwaka 2018, iliyofuta ile ya zamani yenye mizizi ya wakati wa ukoloni. Sheria hii mpya inataka mgonjwa wa akili ahudumiwe hata kwenye vituo vya karibu na wananchi, na inataja haki zake. Siyo lazima uikariri. Jua tu kwamba ukimpeleka mgonjwa kituoni hujaenda kuomba sadaka.

VITU VYA KUBEBA

Kabla ya safari, sisi na familia tunakaa chini usiku mmoja na kutayarisha haya:

1. Daftari la matibabu la mgonjwa, hata kama limechakaa. Usinunue jipya ukatupa la zamani, maana historia yote imo humo.

2. Atesteshen ya familia na barua ya rufaa.

3. Dawa zote anazotumia, na pakiti zake, pamoja na majani ama maji ya maombi kama anakunywa. Usifiche dawa za kienyeji. Nyingine zinagombana na vidonge.

4. Karatasi yenye majibu haya: Ilianza lini? Nini kilitokea kabla? Analala saa ngapi? Anakula? Anakunywa waragi ama anavuta kitu? Amewahi kujiumiza ama kusema anataka kufa? Amewahi kupiga mtu? Kwenye ukoo kuna mwingine aliyeugua hivi?

5. Neno la mgonjwa mwenyewe. Tunamuuliza: "Wewe unataka tuseme nini kesho?" Tunaliandika kama alivyolitoa. Hata mgonjwa aliyechanganyikiwa sana ana neno lake. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja ambaye jamaa yote ilitaka asemewe kwamba anapiga kelele usiku. Yeye alitaka iandikwe kwamba ana njaa, kwa sababu dada wa mume wake alimnyima sahani tangu augue. Wote walikuwa wanasema kweli. Lakini kama tungepeleka neno la jamaa peke yake, angepewa dawa ya kumtuliza na njaa ingebaki.

DAWA NA UVUMILIVU

Hapa ndipo familia nyingi zinaanguka. Dawa za huzuni kubwa, kama fluoxetine na amitriptyline, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Zinachukua majuma mawili mpaka manne kabla mtu hajasikia nafuu. Wengi wanaziacha siku ya tano wakisema munganga amewadanganya.

Dawa nyingine, kama haloperidol, zinaweza kukaza shingo, kuvuta ulimi ama kutetemesha mikono. Watu wakiona hivyo wanapiga kelele: amerogwa tena! Hapana, ni dawa. Mrudishe kituoni siku ileile, kuna dawa ya kuondoa hali hiyo. Anayekunywa chlorpromazine asikae kwenye jua kali bila kujifunika, ngozi yake inaungua haraka. Na akisinzia sana, mwambie musawo apime tena kipimo cha dawa. Usikipunguze wewe.

Wagonjwa wa kifafa nao wanatibiwa kliniki ileile. Povu la kifafa haliambukizi. Msiache mtoto aungue motoni eti mnaogopa kumgusa. Akianguka, mwondoe penye moto ama maji, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka aamke. Degedege ikizidi dakika 5 ama zikifuatana, mkimbize kituoni. Na vidonge vya kifafa visikatwe ghafla, maana degedege inaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Kwenye maombi sikatazi mtu. Mimi mwenyewe nasali. Pastori mmoja wa hapa anasema vizuri: meza kidonge halafu tuombe. Lakini kamba, hapana. Anayefungwa hasemi tena ukweli, anasema kile kitakachofungua kamba.

MIPAKA YA KAZI HII

Yaliyosemwa mbele ya musawo yanabaki pale. Siyasemi kisimani, siyasemi kwa chemani, siyasemi hata kwa mume wangu. Kuna siku moja tu siwezi kunyamaza: mtu akisema anataka kujiua ama kuua. Hapo namwambia usoni: "Hili siwezi kulibeba peke yangu, twende pamoja." Na usiku huo mtu huyo halali peke yake. Mkisikia neno hilo nyumbani, msimcheke wala kumkemea. Muulizeni wazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema.

Siuzi barua. Watu wamenijia wakitaka karatasi ya ugonjwa ili iwasaidie resettlement, na wengine wamenijia wakitaka nifiche ugonjwa wa kweli kwa sababu hiyohiyo. Wote nawaambia: mimi siyo ofisi ya safari. Maswali ya safari yapelekeni UNHCR, na huduma zao ni bure. Mgonjwa atibiwe kwa sababu ni mgonjwa. Mimi nilijaribu kulinda jina la jamaa yangu, na nusura nimzike mdogo wangu.

Na siahidi chakula. Tunajua hali ilivyo. Mwaka 2025 WFP iliondoa watu karibu milioni moja kwenye msaada wa chakula hapa Uganda. Mtu mwenye njaa dawa inamsumbua zaidi, na nauli ya Mbarara inakuwa mlima. Ndiyo sababu kwenye kijiji chetu familia chache tumeanza kuchanga kidogo kila mwezi, kila mmoja kwa uwezo wake, ili mgonjwa asikose safari kwa ajili ya nauli. Kijiji kingine mnaweza kufanya hivyo pia. Wekeni daftari, wekeni watu wawili wa kutunza, msimwachie mmoja.

Ndugu wasomaji, hamna haja ya kuwa na cheo ili mfanye kazi hii. Kama una Kiingereza kidogo ama Runyankole, kama unajua kunyamaza, na kama unaweza kupoteza siku moja, jirani yako anakuhitaji. Ukikaa pale katikati ya mgonjwa na musawo, kumbuka swali la mdogo wangu, kwa sababu na wewe utaulizwa: "Ulimwambia vile nilisema?"

Siku hizi mdogo wangu akirudi kutoka kliniki ananionyesha daftari, nami namsomea yale yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwezi uliopita aliniambia: "Yaya, pale umeruka mstari." Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimeruka. Nikarudia tangu mwanzo.